Mchemraba wangu unanukia udi

Bibi yangu ameufukiza mradi wangu wa Fizikia. Sitanii.

Wiki tatu nimeunganisha taa ndogo za LED sitini na nne, waya kwa waya, ghorofa nne, ziwe mchemraba unaowaka.

Kesho nauonyesha mbele ya darasa. Mimi, ambaye hata kuitika jina langu huwa natetemeka, safari hii nilinyoosha mkono mwenyewe.

Leo narudi kutoka skuli, nakuta chetezo kinafuka moshi ukumbini. Juu ya makaa, mchemraba wangu. Juu ya mchemraba, mtandio wa bibi wa kuendea harusini.

"Bibi! Unafanya nini?"

"Nafukiza nguo. Kile kichanja cha miti cha kutandazia nguo kimevunjika, nikaona hiki cha waya kimekaa vizuri."

"Huo ni mradi wangu wa skuli!"

"Sasa mie ntajuaje? Juzi si nlikuuliza nini hicho, ukanambia 'kitu tu, bibi'?"

Kweli nilisema hivyo. Niliona haya kueleza.

Nikautoa makaani, nikauwasha. Ghorofa ya juu tu ndiyo iliyowaka. Tatu za chini, plastiki yote imeyeyuka.

Bibi akaziangalia zile zinazowaka.

"Loo! Mbona hukunambia kama ni kizuri hivi?"

(Nililia. Kidogo.)

Kesho naingia darasani na taa kumi na sita zinazowaka, na arobaini na nane zinazonukia udi.

Nikiulizwa nini hiki, nitaeleza. "Kitu tu" sisemi tena.

Lakini harufu je? Mwenye wazo aniambie, tafadhali.