Kipande cha Pili cha Wimbo wa Mama

Jirani yangu hapa Utemini bado anatwanga kwa kinu, ingawa mashine ya kusaga haiko mbali. Nikisikia mchi, du, du, naacha ninalofanya. Nanusa pumba za mtama, na vidole vyangu, niamini msomaji, vinaanza kuhesabu mizani vyenyewe.

Nilikuwa darasa la sita huko Sepuka, muda mfupi baada ya sisi kuhamishiwa kijiji cha ujamaa. Mwalimu alitaka kila mmoja alete shairi fupi kutoka nyumbani, tulichambue mizani, vina na maneno yanayorudiwa. Shairi bora lingesomwa na aliyelileta mbele ya wageni kutoka mjini. Nililitaka sana jambo hilo.

Nikapeleka wimbo wa mama wa kutwangia. Ulikuwa wa Kiswahili, kwa kuwa aliuimba na rafiki yake Mama Saidi, Mgogo, ambaye Kinyaturu chetu kilimshinda mpaka tukawa tunamcheka. Siku hizo mama alitwanga peke yake. Aliimba, "Twanga mtama mweupe," akanyamaza, mchi ukagonga, akarudia yaleyale.

Mwalimu alihesabu kwa chaki. "Mizani nane, sawa. Kina 'pe', sawa. Unarudia, sawa. Kipande cha pili kiko wapi? Hili ni pungufu, binti, halisomwi. Kamuulize mama yako."

"Hicho si changu, mwanangu," mama alinijibu. "Siwezi kukisema."

"Sasa ni cha nani?"

"Nenda kachote maji."

Nilichanganyikiwa. Maneno unayoyajua yanawezaje kuwa ya mtu mwingine? Nikatunga ya kwangu: "Ugali uwe mweupe." Mizani nane, kina kimetulia! Mama alicheka kidogo, akarudi kwenye wimbo wake, na pale pale akanyamaza tena.

Wakati wa kuhama, familia ya Mama Saidi ilipelekwa kijiji kingine, mbali nasi. Jumamosi moja, mama akitwanga, akatokea uani, kajitwika mzigo kichwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akinipita. Akatua mzigo, akachukua mchi wa pili uliokuwa umeegemea ukuta tangu tuhamie, ule niliodhani ni wa akiba tu. Mama alipofika "mweupe", Mama Saidi akadakia:

"Nami nitwange, nikupe."

Nane! Niliruka kwa furaha. Nilipogeuka, wote wawili walikuwa wanalia, na hakuna aliyeacha kutwanga. Nilibaki nimeduwaa, shairi langu limekamilika na watu wazima wanalia juu ya mtama.

Nililisoma mbele ya wageni, wakapiga makofi, na bado sikuelewa.

Miaka mingi baadaye, mama akiwa ameshafariki, nilitwanga peke yangu. Nikaimba kipande cha kwanza. Cha pili nilikijua vizuri sana, lakini mdomo ulikataa. Nikanyamaza, mchi ukagonga, nikamsubiri mama aitikie.