Kidole cha Muuguzi

Muuguzi wa chumba cha mwisho cha kliniki husugua viganja vyake kwanza, maana moyo, anasema, ukiguswa na mkono wa baridi hununa. Akishawabandika wagonjwa wa kisukari nyaya kifuani, huinua kidole polepole wavute pumzi, hukishusha waitoe, mara sita kwa dakika, huku mashine ikichora mapigo. Moyo ukienda mbio pumzi ikiingia na kutulia ikitoka, huuchombeza: "Cheza, mwanangu, cheza!"

Leo alilala pale dereva mstaafu. Kidole kilipanda, kikashuka. Mapigo yakabaki yale yale. Mzee akajigamba: "Umeona, binti? Saa ya ukutani! Hauyumbi hata kidogo." Muuguzi hakucheka. Akakiinua tena kidole, taratibu zaidi, kama anayembembeleza mtoto aliyesusa. Wapi! "Moyo mzima huyumba kidogo, baba," akasema. "Sukari imegusa mishipa ya fahamu inayouongoza wako. Daktari atakuona leo hii." Mzee akataka kukurupuka. "Eeh, dereva! Nani hung'oa gari bila kupasha injini? Kuanzia leo unakaa kwanza, ndipo usimame, usije ukaanguka kwa kizunguzungu." Mzee akaketi, miguu ikining'inia. Akamwona muuguzi amebana pumzi. Akainua kidole chake mwenyewe, polepole, mpaka binti naye akavuta.