Boti Iliyopakwa Uji wa Ndimu

Nilidanganya kabla mteja hajamaliza hata kuuliza. Alisimama mlangoni mwa karakana ya Gisozi ninakopiga vanishi meza na vitanda, akasema anatafuta fundi wa kuondoa doa kwenye boti, nami nikajibu, "Nimeshasafisha boti nyingi."

Sikuwa nimewahi hata kupanda boti. Mimi ni msichana anayerudia vanishi ya kimeza kimoja mara saba kwa sababu ya unywele mmoja wa brashi, na ambaye ufundi wote aliujua kwa kutazama wenzake na kutazama simu. Mtu wa namna hiyo alipaswa kunyamaza. Lakini nilisikia neno boti, nikaona kichwani kitu kirefu, cheupe, kisicho na kona hata moja, na moyo ukaruka ulimi ukaufuata.

Boti ilikuwa Gahanga, uani kwa mteja, juu ya tela. Mteja mwenyewe ni mzee mpole aliyekulia Tanzania, kando ya ziwa, na tangu arudi Rwanda alikuwa akitamani chombo chake. Hii aliinunua ikiwa imetumika miaka mingi kwenye Ziwa Muhazi. Ilikuwa ya faiba, nyeupe, ila pale maji yalipokuwa yakifikia palizungukwa na mstari wa kahawia wenye upana wa kiganja. Mkewe aliitazama mara moja tu, akasema inafanana na kikombe cha chai kisichooshwa, na kwamba yeye hapandi. Jumapili familia yote ilikuwa iende ziwani. Mzee alitaka Jumapili hiyo mkewe apande.

"Ikishindikana nitapaka rangi," aliniambia. "Ila sipendi, binti. Rangi inaficha tu. Doa linabaki chini linakucheka."

"Litatoka, mzee," nilisema, kwa sauti ya fundi wa boti nyingi.

Ijumaa nilianza kwa njia ninayoijua, njia ya mbao. Kwenye mbao doa huliondoi. Unaondoa mbao yenyewe, kidogo kidogo, mpaka ufike pasipo na doa. Nilichagua mahali pa chini, nyuma, nikapiga msasa eneo la ukubwa wa sahani. Vumbi jeupe lilitoka vizuri, nikafurahi. Kisha nikamwaga maji. Doa lilikuwa limepungua rangi lakini lipo, na mng'ao wote ulikuwa umekwenda. Pale mahali pakawa kama jicho la mtu mwenye mtoto wa jicho.

Hapo ndipo nilipofungua simu kutafuta video. Ndiyo, baada ya kupiga msasa. Niliketi nyuma ya tela, nikamsikiliza mtu asiyenijua akieleza kwamba ngozi ya faiba ni nyembamba kama ganda la yai, kwamba mstari wa maji haukwanguliwi bali huyeyushwa kwa kitu kichachu, na kwamba kitu hicho kiwe kizito kiweze kung'ang'ania ubavuni. Nikachukua ndoo nikaiegemeza pale nilipopaharibu ili mzee asipaone.

Kitu kichachu nilikijua. Mama yangu, aliyekulia Bujumbura, hutoa kutu kwenye blauzi zake nyeupe za kanisani kwa ndimu na chumvi, juani. Nilikamua ndimu, nikapaka. Maji yake yakateremka yote mpaka kwenye matairi ya tela. Nikafikiri tena. Nikaomba sufuria jikoni, nikapika uji mzito wa unga wa muhogo, ukapoa, nikauchanganya na ndimu na chumvi, nikapaka mahali padogo kama kidole. Ukashika! Nikauhesabia nusu saa bila kubandua macho, nikapangusa kwa kitambaa chenye maji.

Palikuwa peupe. Peupe kabisa, na mng'ao wake! Nilipiga kelele.

Mke wa mzee alifungua dirisha. "Kuna nyoka?"

"Hapana, mama! Ni weupe!"

Alifunga dirisha.

Sikulala vizuri kwa furaha. Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo asubuhi maduka hufungwa, magari husimama, na kila mtu hutoka kufanya kazi ya mtaa pale alipo. Nilifika Gahanga kwa pikipiki mapema. Kufikia saa mbili kasorobo nilikuwa nimepaka ubavu mzima, upande wa ukuta. Video ilionya kwamba dawa isikauke, ifunikwe kwa nailoni. Kwetu mifuko ya nailoni haipo, ilipigwa marufuku. Lakini migomba ipo. Nilikata majani mapana kwenye uzio, nikayalaza juu ya uji, yakashika kama yalizaliwa pale. Nilirudi nyuma hatua tano kutazama. Boti ilionekana kama kitu kinachosubiri kuokwa. Nilitamani kukaa nayo, kuinua jani moja, kuchungulia. Mzee akatokea na buti na sepetu.

"Twende, binti. Boti haitoroki."

Kazi ilikuwa kuzibua mtaro kando ya barabara. Nililima nikiwa sioni mtaro, naona majani tu. Kulia kwangu alikuwa mzee, mchangamfu kupita kiasi. Kushoto alikuwa jirani yake, mama mmoja mwenye jembe lake, aliyekulia Burundi kama mama yangu.

"Hizo boti zingine ulisafishia wapi?" mzee aliuliza. "Ziwa Kivu?"

"Kule kule," nikajibu, nikionyesha kwa jembe.

"Kivu iko huku," jirani akasema, akionyesha nyuma yangu. "Pale unaonyesha iko Tanzania. Mzee, huyu fundi wako alifikaje hapa?"

Watu walicheka. Mzee pia alicheka, lakini alinitazama.

"Na hiyo dawa yako umeifunika na nini?" jirani aliendelea. "Jua iko inakuja."

"Majani ya mgomba."

Jembe lake lilisimama. "Makavu?"

"Mabichi. Nimeyakata asubuhi."

"Yewe! Utomvu! Weye mutoto, haukuchafua uniform hata siku moja?"

Nilihisi baridi mgongoni. Hakuna mtoto wa huku asiyejua utomvu wa mgomba. Unadondoka kama maji, unakauka kahawia, na haufuliki. Nilikuwa na sketi ya shule yenye doa hilo tangu darasa la tatu mpaka ilipokuwa kitambaa cha kupangusia. Na asubuhi ile, mimi, nikitaka kutoa doa la kahawia kwenye boti nyeupe, niliitandikia majani mabichi yenye uti unaovuja.

Nadhani nilikuwa nimechoka kubeba uongo ule. Yote yalitoka kwa mkupuo, mbele za watu, jembe mkononi. "Mzee, sijawahi kusafisha boti. Hata moja. Jana nilipiga msasa pale nyuma, chini, pamefifia. Ndoo niliiweka kupaficha. Na majani sikufikiri."

Mzee aliegemea sepetu.

"Kwa hiyo boti yangu ndiyo darasa."

"Ndiyo, mzee."

"Na mwalimu ni simu."

"Ndiyo."

"Na anayesahihisha mtihani ni mke wangu." Alivuta pumzi. "Twende tukatazame."

"Mwende wapi?" jirani akasema. "Umuganda haijaisha, na mukubwa wa mudugudu iko anawaangalia."

Tukabaki, mkuu wa mtaa akitutazama. Tukamaliza mtaro, kisha tukakaa mkutano wa baada ya umuganda, ambao siku hiyo ulizungumzia taa za barabarani, na mbuzi wanaozurura, na tena taa za barabarani. Niling'ata kucha zote za mkono wa kushoto.

Tulipoachiwa, hatukuwa wawili. Nusu ya mtaro ilitufuata na majembe begani.

Nilishika jani la kwanza. Nikayabandua yote. Chini ya uti wa kila jani palikuwa na michirizi ya kahawia juu ya uji, na mmoja ulikuwa umefika kwenye weupe wa juu. Nilimwaga maji, nikapangusa kwa mkono wote, haraka, bila ustadi wowote. Uji ukadondoka vipande vipande, ukaenda na michirizi yake.

Mstari haukuwepo. Nilipangusa mbele, haukuwepo. Nikakimbia mpaka nyuma nikipangusa, haukuwepo! Watu walipiga makofi kana kwamba boti imezaliwa. Ule mchirizi mmoja wa juu jirani aliusugua kwa ganda la ndimu, ukatoka. "Una bahati," alisema. "Boti si uniform."

Kisha mzee akaisogeza ndoo. Alichuchumaa, akapitisha kidole gumba pale pa msasa, polepole, mara nyingi.

"Hapa panauma," alisema.

Paliniuma na mimi, na nilistahili.

Mkewe alitoka ndani, akatembea ubavu mzima mikono nyuma. Alifika kwenye kiraka, akakitazama, akaendelea kuzunguka mpaka upande wa pili, ambako mstari ulikuwa bado.

"Na huku?"

"Bado, mama."

"Sasa mmesimama mnatazamana nini? Kesho si Jumapili?"

Mzee aliinuka akishika magoti. "Binti, mtu akikuuliza leo, umesafisha boti ngapi?"

"Nusu."

"Haya. Kamata ndimu."

Jirani alinifundisha kukata uti wa jani kabla ya kulilaza. Alikata yeye, nikapaka mimi, mzee akakamua ndimu mpaka vidole vikamwasha. Jumapili mchana mzee alinitumia picha. Mkewe amekaa mbele kabisa ya boti, na mwavuli, hatabasamu, lakini amekaa.

Siku hizi nikiulizwa nasema moja. Wakiniacha niendelee, nawaambia pia kuna kiraka nyuma, chini, ukubwa wa sahani.