Somo la Shule na Somo wa Nyumbani

Wiki ile Mwalimu Theopista hakutembea, alirukaruka. Wanawake wa umri wake, wenye miaka hamsini na minne na goti moja lililochoka, hupanda ngazi za shule kwa kupumzika katikati. Yeye alizipanda mbilimbili, daftari la mahudhurio likiwa kwapani, kama msichana aliyeitwa kupokea zawadi.

Daftari hilo ndilo lililompa kiherehere. Kwa mwaka mzima, kila Jumatano baada ya vipindi, alikuwa akiwafundisha wasichana afya ya uzazi katika chumba cha maabara, pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ambapo nyundo za mafundi husikika darasani kutwa nzima. Alipoanza, wasichana kumi na tisa wa Kidato cha Pili walikuwa wakikosa shule siku mbili tatu kila mwezi, na barua walizoleta zilikuwa na neno lilelile: homa, homa, homa. Sasa walibaki wanne.

"Kumi na watano wamepona homa, Mwalimu Mkuu!" alimwambia Mwalimu Pantaleo, akilifungua daftari juu ya chai ya mwenzake.

Pantaleo alikuwa mtu mpole, aliyewaogopa wazazi kuliko wakaguzi. "Nimeona, mama, na ninafurahi. Lakini Jumamosi ni kikao cha wazazi. Wakisema kipindi hiki hawakitaki, nitakifuta."

"Hawatasema."

"Bongo hii? Mwaka jana waligombana saa mbili juu ya rangi ya soksi."

Theopista alicheka, lakini usiku hakupata usingizi kwa shauku. Kipindi kile kilikuwa maisha yake. Alizaliwa Kibosho, kule milimani, akasomeshwa na masista katika shule ya bweni ambako kengele iliwaamsha kabla ya jogoo, na sakafu ilisuguliwa mpaka ukajiona uso. Mpaka leo aliweza kuimba nyimbo zao zote, sauti ya kwanza na ya pili. Masista wale walimpa karibu kila jambo jema alilokuwa nalo, isipokuwa moja. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu aliiona damu akaamini anakufa. Alitubu dhambi zake zote, kisha akamwandikia barua ya kwaheri baba yake, Mzee Wilbert, aliyekuwa akiuza maharage kwa jumla Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Sista mlezi aliikuta barua, akampa kitambaa kilichokunjwa vizuri na kumwambia kwa upole, "Haya hayasemwi, mwanangu." Basi. Tangu siku hiyo Theopista aliapa kwamba atakuwa mtu wa kuyasema.

Alhamisi, saa nne asubuhi, wanawake wawili waliovaa mabuibui waliingia maabara bila kubisha hodi. Wa mbele alikuwa Bi Hamdiya, muuza khanga wa Kariakoo, mama wa mwanafunzi aitwaye Arwa. Nyuma yake alikuja mdogo wake, Bi Anfal, amejishika kiuno.

"Wewe ndiye Theopista?"

"Ndimi. Karibuni mketi, dada zangu."

"Hatukai," alisema Bi Hamdiya. "Nimefunga duka asubuhi hii nikuulize jambo moja. Nani amekupa ruhusa ya kuwa somo wa mwanangu?"

Theopista alipepesa macho. "Somo, mama? Somo lipo kwenye ratiba..."

"Lipo kwenye ratiba!" Bi Anfal alipiga makofi. "Dada, umesikia? Siku hizi somo yuko kwenye ratiba, baina ya hesabu na chakula cha mchana!"

"Mtoto huyu hajatimiza arobaini," Bi Hamdiya aliendelea, "nilimwahidi mdogo wangu: Arwa akivunja ungo, somo yake ni wewe. Miaka kumi na minne anangoja! Doti ya khanga ya kumkalishia mtoto ipo kabatini. Jana namwambia Arwa, mama yako mdogo anakuja kukufunda. Ananijibu, 'Mama, usijali, shuleni nishapewa somo. Mwalimu Theopista.' Wewe! Mtu wa milimani! Utamfunda nini mwanangu, kumenya ndizi?"

Hapo ndipo Theopista alipofumbuka macho. Kwake yeye, somo lilikuwa kitu cha kuandikwa ubaoni na kufutwa. Miaka thelathini ya kukaa Dar es Salaam haikumfundisha kwamba kwa watu wa pwani somo ni mtu vilevile: ni yule mwanamke anayeteuliwa na familia akae na binti aliyevunja ungo, amfunze mambo ya mwili wake, na awe mtunza siri wake maisha yote. Wanawake hao hawakuja kugombana na kitabu. Walikuja kudai nafasi waliyodhani imeibwa.

Alicheka mpaka akaketi. Kisha akakumbuka Jumamosi, na kicheko kikakatika. Wawili hawa wakisimama kikaoni, kipindi kimekwisha.

"Nisameheni," alisema. "Kwetu somo ni la chaki tu. Sikumnyang'anya mtu nafasi yake. Mimi mwenyewe sikupata hata mmoja, wala wa nyumbani wala wa chaki." Akawasimulia habari ya barua ya kwaheri. Bi Hamdiya aliuma mdomo asicheke. Bi Anfal hakucheka.

"Aitwe mtoto," alisema. "Nimpime."

Arwa alikuja mbio, akasimama mlangoni kama aliyekanyaga kaa la moto. "Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba, mwanafunzi wa ratiba. Haya. Yuko kijana pale kituo cha mabasi ya mwendokasi. Leo kakununulia chipsi mayai, kesho anakupa lifti ya pikipiki. Utafanyaje?"

"Nitamwambia ahsante, kwetu tunakula. Halafu jioni hiyohiyo nakuja kukwambia, mama mdogo. Hakuna chipsi za bure."

Bi Hamdiya alikohoa kuficha furaha.

"Na kuoga, ukiwa katika siku zako? Mimi nilikatazwa," aliendelea Bi Anfal.

"Unaoga, tena mara mbili. Na tarehe unaiandika kwenye kalenda. Damu ikipita siku saba, si aibu, wala si husuda ya mtu. Unakwenda hospitali."

Bi Anfal alishika pindo la buibui lake, akalikunja na kulikunjua.

"Umesema siku ngapi?"

"Saba, mama mdogo."

Mwalimu alimwangalia mama huyo, akamrudisha Arwa darasani kwa upole. Mlango ulipofungwa, Bi Anfal alisema kwa sauti ndogo, "Mie zangu ni kumi na mbili. Mwaka wa pili huu."

"Anfal! Hukuniambia!"

"Ningekwambiaje, dada? Mambo haya nilikuwa namwambia somo yangu tu, na somo yangu tumemzika."

Ijumaa asubuhi walikwenda hospitali watatu kwa bajaji moja, Theopista katikati. Daktari aliona uvimbe, akasema unatibika, lakini wasingoje zaidi. Wakati wa kurudi, Bi Hamdiya alimshika mwalimu mkono njia nzima na hakuuachia hata alipolipa nauli.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Bwana Haruna, muuza vipuri vya magari, alisimama wa kwanza. "Kipindi hiki kinawafungua watoto macho kabla ya wakati! Kifutwe!" Baadhi ya watu walipiga makofi.

"Haruna, kaa kwanza," ilisikika sauti kutoka nyuma. Bi Anfal alikuwa amesimama. "Mie ndiye somo wa Arwa, kwa haki ya mama yake. Juzi nilikuja hapa kumpima mtoto, mtoto akanipima mie. Macho yaliyofunguliwa ni yangu, na nina miaka arobaini na moja. Mambo ya heshima na siri nitamfunza mimi. Ya kalenda sikuyajua, yamefunzwa hapa. Mkono mmoja haulei mwana, nanyi mnataka kuukata wa pili?"

"Na mkeo, Haruna, tumuulize kama yeye aliyajua?" alidakia Bi Hamdiya. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, mke wa Haruna akiwa wa kwanza.

Mikono ilipoinuliwa, Pantaleo aliihesabu mara mbili kwa kutoamini. Kipindi kilibaki, kwa sharti moja tu: mara moja kwa mwezi masomo wa nyumbani nao waje waketi pamoja na mabinti.

Jumatano iliyofuata Theopista alikuwa akivuka uwanja wa shule aliposikia mtu akiita kwa nguvu kutoka getini, "Somo! Wee somo!" Wasichana waliokuwa uwanjani waliokota madaftari wakakimbilia maabara, wakidhani wamechelewa kipindi. Mwalimu alikaribia kukimbia nao. Kisha akamwona Bi Anfal amesimama pale, doti mpya ya khanga mkononi, akitweta na kucheka.

"Nakuita wewe, mtu wa milimani! Khanga hii ni yako."

Theopista akaitika.