Mzigo wa Makuti wa Wifi Yangu

Siku ya kuezua nyumba yangu hapa Tezo tulikuwa watu wazima wanne: mimi, wifi yangu ambaye ni dada wa marehemu mume wangu, binti yangu, na mumewe, aliyepanda juu ya paa. Wa tano ni mwana wao, mjukuu wangu. Majina yao nayakumbuka yote, na ya baba zao, lakini hapa siyaandiki.

Mjukuu alizaliwa na damu isiyoweza kupigana na ukungu, ule uotao kwenye vitu vilivyooza. Daktari wa Kilifi alituambia ni ugonjwa wa kurithi, hutoka kwa mama ukamshika mtoto wa kiume. Nikamkumbuka mwanangu wa kiume aliyekufa mdogo, tukasema ni kifua tu. Vumbi la makuti yaliyooza, daktari akasema, likimwingia mapafuni laweza kumuua. Basi nikasema makuti yatoke, tuweke mabati. Joto nitalizoea, mradi mtoto aje alale kwangu.

Siku hiyo tulimficha nyumbani kwa wifi, penye mabati tayari, ng'ambo ya shamba la mihogo, mamake akiwa naye.

Kazi ikaenda. Kuinua uso, wifi simwoni. Kumbe amejitwika mzigo wa makuti yaleyale, anakata shamba kwenda kwake! Kwetu makuti ya zamani hayatupwi, ni ya kuwashia moto, na aliyesaidia kazi huchukua fungu lake.

Nikapiga ukelele. "Wifi! Tua hapo!"

"Wee! Wanionea choyo hata makuti? Ulikuja kwa kaka yangu na leso kipande kimoja!"

"Mtoto yuko kwako!"

Akasimama kama aliyechomwa na mwiba. Mzigo akauangusha palepale kwenye mihogo, hatua chache tu na mlango wake. Binti yangu akasikia kelele, akafunga dirisha. Wifi akarudi kwangu akaoga mwili na nywele, nikampa leso yangu safi, ndipo akaingia nyumbani kwake.

Mtoto, ambaye kila bibi kwake ni hawe, akamtazama. "Hawe, mbona umevaa leso ya hawe wangu?"

Wifi akakaa chini, akacheka huku analia.

Mtoto hakuugua. Shule zikifungwa analala kwangu, na mvua ikinyesha juu ya mabati hatusikizani.

Mpaka leo wifi hushikilia kwamba aliutua mzigo kabla sijamwita. Mimi nakumbuka nilimwita kwanza. Kama kuna aliyekuwa akipita njia ile siku hiyo akasikia, na anisahihishe.