Neno la Siri Nililompa Mzee wa Kwenye Simu

Wanaowajibika kwa hasara ya Bi Zaituni ni mimi, niliyetoa neno la siri, na meneja aliyeamuru makarani wote tutumie neno moja. Bi Zaituni hana kosa. Natanguliza hilo, Mwanangu, kwa sababu majalada ya ofisi yanasema kinyume.

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya soko huria, shirika letu la umma lilipokuwa limekwisha kuuzwa kwa kampuni ya mafuta ya alizeti. Nilikuwa miongoni mwa wachache waliobakizwa, nikakabidhiwa kompyuta pale Singida mjini. Wafanyabiashara wa jumla waliagiza mafuta kwa mtandao, nasi tulihifadhi humo namba za akaunti zao na idhini ya kukata malipo kutoka kwenye akaunti hizo. Simu ikalia. Alikuwa mzee mwenye kikohozi, akizungumza Kinyiramba cha kwetu Kinampanda. Nilisimama, naam, nilisimama mbele ya simu, nikatoa shikamoo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Niko makao makuu, Dar. Mitambo imetukwamia. Hebu nitajie neno mnalofungulia."

Sharti la kutolitaja nililijua. Lakini kwa malezi yangu, kumuuliza mzee "wewe ni nani?" kulikuwa sawa na kumvua nguo hadharani. Nikamtajia herufi moja moja. Akanibariki.

Siku ya tatu aliingia Bi Zaituni, mwenye duka la mafuta karibu na soko, taarifa ya benki ikiwa mkononi. Mtu asiyejulikana alikuwa ameagiza mafuta kwa jina lake, yakalipiwa kutoka akaunti yake, yakachukuliwa huko huko Dar es Salaam. Mtaji wake wote ulikwenda.

"Kijana, haya madumu yote nimeyanywa mimi?"

Nikamweleza habari ya simu.

"Kwa hiyo mwizi umempa shikamoo na ufunguo. Mimi niliyesimama mbele yako, hata kiti hujanipa!"

Wenzangu walicheka. Nilipomletea kiti alisema kwa upole, na maneno hayo sijayasahau: "Heshima si utumwa, baba. Mwamkie mtu mzima utakavyo, lakini mali yangu si yako ya kumheshimia."

Laiti yangeishia hapo. Meneja aliniita, akaniamuru niiandikie benki barua kwamba mteja alizembea kutunza namba zake.

"Lakini mzee, neno nililitoa mimi."

"Unataka kazi, au unataka kuhojiwa?"

Nikaandika. Nikatia saini, kwa mwandiko mzuri. Kwa barua hiyo benki ilikataa madai yake, duka likafungwa, naye akahamia Shelui kuwauzia chai madereva wa malori. Nilipita huko mara moja. Alinimiminia kikombe.

Mwanangu, wewe unayeuza bidhaa kwa simu na kutunza namba za watu, siri ya mtungi aijuaye kata. Usiifanye ya kijiji kizima. Kila mfanyakazi awe na neno lake, na anapoondoka lifutwe siku hiyo hiyo. Usihifadhi taarifa ya mteja usiyoihitaji. Mkubwa akikupigia akitaka neno, mwamkie, kata simu, kisha piga wewe kwa namba unayoijua. Mkubwa wa kweli hatakasirika. Na mwizi akiingia, mwambie mteja kabla hajagundua mwenyewe. Kosa langu la kwanza lilikuwa la ujinga. La pili lilikuwa la woga, na ndilo lililomfilisi mtu. Mungu akupe ulimi mzito penye siri na mwepesi penye kukiri, na riziki yako isichanganyike na machozi ya mtu.

Nami nadai rasmi kwa wamiliki wa sasa wa kampuni ile: barua yenye saini yangu itenguliwe, Bi Zaituni, ambaye yu hai, arejeshewe mtaji wake na kuombwa radhi kwa maandishi, na mimi pamoja na meneja wangu wa zamani tuitwe tujibu mbele yake. Nakala ya barua ninayo. Nitafika siku yoyote ya kazi nitakayopangiwa.