Mtu wa Kumbishia Mogesi

Mogesi alidanganya makusudi. Alikuwa ameinamia kiti cha pikipiki, sindano ya turubai mkononi, akasema kwa sauti ya kusikika kijiwe kizima: "Napoleoni aliingia Urusi, akawapiga Warusi, akaoa huko huko na kulima mahindi mpaka kufa!"

"Ee tata, kweli kabisa, baba," akajibu Steven, mwendesha bodaboda aliyekuwa akisubiri kiti chake kishonwe. Wenzake wawili wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Mahindi! Urusi! Hata mmoja hakucheka.

Haya, utawalaumu vipi? Mogesi ana miaka sabini na moja, na hapa Tarime kijana hamwambii mtu wa rika la babu yake kwamba anaongopa. Neno hilo ni la wana rika, wale waliotahiriwa msimu mmoja. Wao ndio wanaokatana kauli na kutukanana mchana kweupe, wakacheka. Katika rika la Mogesi, kata nzima ya Nyamisangura alikuwa amebaki mwenzake mmoja tu, Mwalimu Nelson, naye walimzika masika yaliyopita.

Na Nelson alikuwa mbishi, jamani! Miaka thelathini alikuja kukaa kwenye kopo la rangi kando ya cherehani, na mada ilikuwa moja: tangu dunia iumbwe, ni uamuzi gani wa wakubwa na majeshi yao uliokuwa wa ajabu kupita yote? Mogesi, aliyepigana vita vya Kagera akiwa kijana, hakuona haja ya mjadala. Ni Amini kuvuka mpaka mwaka sabini na nane, huku jeshi lake lenyewe halielewani.

"Unaongopa, mura!" Nelson alikuwa akiruka, akimwita kijana kwa Kikurya. Yeye alisimama na Waaustralia, ambao mwaka thelathini na mbili walipeleka askari na bunduki za rashasha kupigana na ndege. Ndege! Wakubwa kama mbuni, waliokuwa wanaharibu ngano, na askari wakarudi wameshindwa. Walikuwa wakibishana mpaka mate yanakauka, halafu Nelson ananyanyua mikono: "Basi, umenishinda. Tukutane kesho." Mogesi alikuwa akirudi kwenye chumba chake kisicho na mke wala mtoto, akipiga mluzi njia nzima.

Sasa anapika ugali wa mtu mmoja na kuibishia redio, nayo redio haimsikii. Upweke umemkaba, tusifichane. Hakutaka pole wala msaada, alitaka mtu mmoja tu wa kumwambia hapana.

Ndiyo maana siku ile, baada ya yale mahindi kupita salama, alifunga banda mapema akaenda kwa Philomena, mjane wa Nelson. Hakuwa amekanyaga pale tangu matanga. Lakini mke wa mwana rika ni mtu wa utani, haogopi kukwambia la moyoni.

"Shemeji," akaanza kabla hajakaa, "Napoleoni alilima mahindi Urusi."

"Una wazimu wewe mzee? Baridi ilimkimbiza, askari wake wakala farasi wao. Ndiyo uongo uliouleta hapa?"

Wee! Moyo wa Mogesi ukaruka kwa furaha. Akaketi, akapewa chai, akamleta Amini. Philomena akamkata. Akawaleta wale ndege, akamkata tena.

"Nyote wawili mlikuwa mnababaisha," Philomena akasema. "Na wale Waxhosa wa kule kusini mwa Afrika, waliochinja ng'ombe wao kwa sababu msichana alisema mizimu imeagiza na mfalme wao akaamrisha, wakafa njaa kwa maelfu? Ng'ombe, shemeji!"

Mogesi akashika kichwa. Mkurya gani angekubali kuchinja ng'ombe wake wote? Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kicheko cha kwanza tangu msiba.

"Ungekuja kijiweni wewe," akasema akijifuta, "Nelson angekoma. Mimi mwenyewe nilikuwa namshinda kila siku."

"Hukuwa ukimshinda."

"Unaongopa, shemeji!"

"Siongopi. Alikuwa akirudi hapa ananiambia, leo nimemwachia Mogesi tena. Namwuliza kwa nini, anasema yule anakwenda kulala peke yake, mwache alale ameshinda."

Philomena alikuwa bado anacheka. Alipoona uso wa mgeni wake, akaacha. Mogesi alikiweka kikombe chini taratibu. Aibu ilimjia kwanza, halafu akamkumbuka Nelson kuliko siku walipomfukia, akatamani amkamate shati, wabishane juu ya hili hili.

"Miaka thelathini," akasema. "Lakini siku nilizoshinda mwenyewe zipo?"

Philomena, aliyembishia kila neno tangu alipoingia, akakisogeza kikombe cha mgeni karibu naye.

"Zipo, shemeji," akasema kwa upole. "Zipo nyingi tu."

Mogesi akamtazama usoni, akajua ameachiwa tena. Hakubisha. Akamalizia chai yake iliyopoa, akashukuru, akaomba njia.